Gari Langu Lilipiga Resi Kila Nikibadili Gia

Nilikuwa nimelala Iringa, nikatoka alfajiri, na kufikia saa moja asubuhi Mafinga ilikuwa nyuma yangu. Julai ile ukungu ulishuka mpaka barabarani, miti ya Sao Hill ikawa inaonekana nusu nusu pande zote mbili. Mbele nikaona kibao cha matuta. Nikaachia mafuta, nikasubiri gari lipungue mwendo, nikakanyaga klachi nishushe kutoka gia ya nne kwenda ya tatu. Mshale wa RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, ulikuwa kwenye 1,300. Mguu wangu wa kulia ulikuwa juu ya breki, mbali kabisa na pedeli ya mafuta. Mshale ukapanda. Ukafika karibu na 1,800, injini ikanguruma kana kwamba kuna mtu mwingine ndani ya gari amekanyaga mafuta, nami nimeshika gia mkononi nisijue niingize au nisubiri.

Nikipandisha gia mambo yalikuwa yale yale kwa sura nyingine. Kwa kawaida ukiachia mafuta na kukanyaga klachi, mshale unaanguka wenyewe, na gia inayofuata inaukuta umeshashuka mahali pake. Wangu ulikuwa unaganda. Natoka ya tatu kwenda ya nne, mshale umebaki juu, nikiachia klachi gari linaruka mbele kama limesukumwa mgongoni. Mama, ambaye nilikuwa nimemchukua Iringa kutoka kwa dada yangu, alikuwa amekaa kiti cha mbele amejifunika blanketi, na kila gari liliporuka alikuwa anashika dashibodi bila kusema neno. Ukimya wake ulinitia hofu kuliko mlio wa injini.

Na kilichoniuma zaidi ni kwamba klachi ya gari hilo ilikuwa mpya.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla, injini ya 5A-FE, cc 1,498, gia za mkono. Najua watu wengi sasa wanaendesha otomatiki, lakini kaka yangu alinifundisha kwa gia za mkono na sijawahi kutamani kitu kingine. Niliinunua Dar kwa mtu aliyekuwa akilitunza vizuri. Siku ya kulijaribu aliniambia kwa fahari, "Dada, gari hili halichemshi. Pandisha nalo Kitonga mchana wa jua kali, mshale wa joto hautikisiki." Nililipenda neno lile. Kwa mtu ambaye kwao ni Njombe na kazi yake ipo Dar, Kitonga ndiyo mtihani. Nikalipa.

Tatizo nililisikia mara ya kwanza mwaka mmoja kabla ya asubuhi ile ya Sao Hill, pia katika safari ya nyumbani, pia mwezi wa baridi. Niliporudi Dar nikalipeleka gereji. Fundi alilizungusha mtaani, akarudi akasema halisikii hilo ninalosema. Nilisisitiza. Nikamweleza kwamba nikibadili gia injini inapanda yenyewe. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeshapata jibu: "Dada, RPM ikipanda gari lisiende, hiyo ni klachi inateleza." Mimi sikuwa nimesema kwamba gari haliendi. Nilisema injini inapanda. Lakini alizungumza kwa uhakika, nami nilikuwa nimechoka, na sikuwa na maneno ya kumpinga.

Gia boksi ikashushwa. Zikafungwa klachi pleti mpya, presha pleti mpya na rilizi beringi mpya. Zile za zamani niliomba nipewe, maana kaka yangu alinizoesha hivyo: spea ikitolewa kwenye gari lako ondoka nayo, hata kama ni chuma chakavu. Nikaitia klachi pleti kwenye mfuko wa rambo, nikaitupa kwenye buti. Wiki nzima nikaendesha Dar kwa furaha. Mshale unashuka vizuri, gia zinaingia laini. Nikampigia fundi kumshukuru.

Sasa naelewa nilichomshukuru. Gari lile halikuwahi kuwa na tatizo Dar. Lilikuwa zima kwenye joto la Dar kabla ya klachi mpya, likawa zima kwenye joto la Dar baada ya klachi mpya. Mimi na fundi tulilipima mahali ambapo ugonjwa haukuwepo, kisha tukasema dawa imefanya kazi. Desemba nilikwenda Njombe na kurudi, kukiwa na mvua na joto la wastani, nikahisi kitu kidogo tu, nikajiambia ni mawazo yangu. Ilibidi Julai irudi.

Njombe mjini, jirani mmoja wa nyumbani alinielekeza kwa mzee mwenye gereji ndogo nyuma ya maghala ya mbao. Gereji yenyewe ni kibanda cha mabati, karai la makaa katikati, na vijana wawili wamevaa makoti mazito juu ya ovaroli.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mwanangu. Umetoka Dar na baridi hii?"

Nikamweleza yote, nikamalizia na klachi. Hakuinua boneti. Aliniuliza jambo moja ambalo mwaka mzima sikuwa nimeulizwa na mtu: "Inapanda wakati mguu wako umekanyaga klachi, au ukishaiachia?"

"Nikiwa nimekanyaga."

"Basi klachi yako ya zamani haikuwa na kosa," akasema. "Hukuileta?"

Nilikimbia kwenye buti.

Nataka nikae hapa kidogo, maana swali lile ndilo lingeniokolea hela ya ada ya muhula mzima. Klachi ni kiungo kati ya injini na gia boksi. Ukiikanyaga unakata kiungo: injini inabaki peke yake, matairi yanaendelea na safari yao. Kwa hiyo chochote injini inachofanya wakati huo, iwe kupanda, kuganda au kuyumba, inakifanya yenyewe. Klachi mbovu haiwezi kuifanya injini ipande wakati klachi yenyewe imekatwa. Klachi inayoteleza huonekana upande wa pili: umeshaiachia, gia imeshaingia, unakanyaga mafuta, mshale wa RPM unapaa lakini mshale wa mwendo unasuasua, hasa mlimani na hasa kwenye gia kubwa. Mara nyingi utasikia na harufu ya kuungua, kama breki ya lori linaloshuka mlima.

Namna ya kulithibitisha hilo haihitaji kushusha gia boksi. Uwanja tambarare, mbele hakuna mtu, handbreki imevutwa sawasawa, ingiza gia ya nne, kanyaga mafuta kidogo, kisha achia klachi. Klachi nzima itaizima injini papo hapo. Ikiendelea kunguruma huku gari limesimama, klachi inateleza. Usilirudie jaribio hilo mara kumi, maana kila mara unaichoma. Mara moja inatosha, na kwenye gari langu ilichukua sekunde chache: injini ilizima kwa kishindo. Ila hiyo ilikuwa klachi mpya, na mzee alitaka kujua habari za ile ya kale.

Aliifuta klachi pleti ile kwa tambara, akapitisha ukucha juu ya vichwa vya ribiti. Pleti hupimwa pale, kina cha ribiti chini ya uso wa klachi, na Toyota huweka kikomo cha chini kwenye milimita 0.3; kina kikipungua hapo, pleti imekwisha. Ukucha wa mzee ulizama vizuri. Akachukua kipimo chake, akapima sehemu kadhaa, zote zilizidi milimita moja. Haikuwa na mafuta ya injini juu yake wala alama ya kuungua. Akanirudishia bila kumsema vibaya fundi wa Dar. Alisema tu, "Itunze. Siku moja utaihitaji."

Basi tukarudi kwenye injini iliyokuwa ikijipandisha yenyewe. Injini ya petroli inapanda kwa sababu imepata hewa. Petroli inafuata hewa, siyo kinyume chake. Pedeli ya mafuta, pamoja na jina lake, kazi yake ni kufungua mlango wa hewa, yaani throto. Kompyuta ya injini, ile mafundi wetu wanayoiita kontroli boksi, inapima hewa iliyoingia na kuamua sindano zimwage mafuta kiasi gani. Kwa hiyo ukiwa umeachia pedeli na injini bado inapanda, swali ni moja: hewa inapita wapi?

Mzee alianza na njia rahisi. Alimwambia kijana akae kwenye usukani, yeye akaishika throto kwa kidole akaifungua na kuiachia mara kadhaa akisikiliza inavyogonga ikifunga. Waya wa mafuta ukikazwa kupita kiasi, au ukiwa umeanza kuchanika nyuzi ndani ya ala yake, throto haifungi mpaka mwisho. Vumbi la barabara zetu nalo likichanganyika na mvuke wa oili hujenga utando mweusi pembezoni mwa throto ukaifanya inate. Yangu iligonga safi. Kisha akachukua chupa ya kupulizia maji, injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, akanyunyiza polepole kwenye mipira ya vakyumu, kwenye mpira wa busta ya breki na kando ya gasketi ya menifoldi, lile bomba linalogawa hewa ndani ya injini. Maji yakivutwa ndani ya ufa, mlio hubadilika hapo hapo. Wapo wanaopulizia petroli au klina ya kabureta kwa kazi hii, na nimeona mkono ulioungua kwa sababu hiyo. Maji yanatosha.

Hapo akanifundisha jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Ufa ule ule wa mpira huleta dalili tofauti kwa gari na gari. Gari lenye sensa inayopima hewa mlangoni halitaiona hewa iliyoingilia kwenye ufa. Litamwaga mafuta kidogo kuliko hewa iliyopo, na injini itatetemeka na kutaka kuzima. Corolla yangu haipimi hewa mlangoni. Inapima presha ndani ya menifoldi, kwa hiyo hewa ya ufa inaiona kama hewa halali, inaipa mafuta yake, na injini inapanda. Fundi asiyejua tofauti hii atamwambia mwenye gari la kwanza kwamba plagi zimekufa, na mwenye gari la pili kwamba klachi imekwisha.

Mipira yangu yote ilikuwa mizima. Akasema kesho nilete gari kabla jua halijachomoza, nisiliwashe mpaka nifike. Nikacheka, nikamwambia nitalifikishaje bila kuliwasha. Akaamua kuja yeye nyumbani.

Saa kumi na mbili asubuhi nyasi za uwanja zilikuwa zimeshika sakitu. Mzee akafungua kifuniko cha rejeta, jambo ambalo unaweza kulifanya tu injini ikiwa baridi kabisa. Ikiwa ya moto, maji yatakurukia usoni. Akaniambia niwashe, naye akachungulia. Hazikupita sekunde nyingi akaniita. Maji yalikuwa yanatembea mle ndani, yanapita mbele ya macho yetu kama mfereji.

"Haya maji hayakupaswa kutembea sasa," akasema. "Nani alitoa themostati?"

Sikujua. Sikujua hata kwamba ilitolewa. Lakini palepale nikamkumbuka yule bwana aliyeniuzia na fahari yake ya mshale usiotikisika.

Themostati ni mlango mdogo wa maji wenye nta ndani yake. Injini ikiwa baridi mlango umefungwa, maji yanazunguka ndani ya injini tu bila kwenda kwenye rejeta, ili injini ipate joto upesi. Yakifika nyuzi joto 82 hivi, nta inatanuka na mlango unaanza kufunguka. Kuanzia hapo themostati inafunga na kufungua kidogo kidogo kutwa nzima, injini ibaki kwenye joto lake. Sasa kwetu, kuanzia Mwanza mpaka Mombasa, gari likichemsha, jambo la kwanza ambalo mafundi wengi hulifanya ni kuing'oa. Hoja yao ni kwamba hii ni ya nchi za baridi, huku ni joto, haina kazi. Maji yakipita bila kizuizi gari halichemshi tena, mteja anafurahi, na rejeta iliyoziba, ambayo ndiyo iliyokuwa ikichemsha gari, inabaki imeziba.

Nilisimama pale uwanjani nikaanza kuhesabu yote niliyokuwa nikiyaona bila kuyaelewa. Mshale wa joto uliokaa robo safari nzima, nami nikamshukuru Mungu kwamba gari langu ni la baridi. Hita iliyokuwa ikipuliza hewa baridi kuanzia Makambako, nami nikasema hita imekufa, nikamnunulia mama blanketi. Hita ya gari haina moto wake, inakopa joto la maji ya injini, na maji yangu hayakuwa na joto la kukopesha. Plagi zilizotolewa nyeusi tititi kila nikifanya sevisi. Mafuta yaliyokuwa yakiisha mapema ninapokwenda nyumbani, nikasema ni milima.

Kontroli boksi haijui kama uko Njombe au Kariakoo. Inachojua ni sensa ya joto la maji. Maji yakiwa baridi, inaamini gari limewashwa sasa hivi, kwa hiyo inafanya kila kitu ambacho injini huhitaji dakika tano za kwanza za asubuhi. Inaongeza mafuta. Inafungua vali ya sailensa, ile njia ndogo ya hewa inayozunguka throto, ili injini isizime. Halafu kuna lile linalohusu kubadili gia moja kwa moja. Injini ikiwa na joto lake, ukiachia mafuta kwenye mwendo, kompyuta inakata petroli kabisa mpaka RPM ishuke, na hilo ndilo linaloufanya mshale uanguke haraka. Maji yakiwa baridi, kiwango cha RPM ambacho juu yake petroli hukatwa kinapandishwa. Injini yangu, ikipigwa na upepo wa Sao Hill kwa kilomita 80 kwa saa huku maji yakipita kwenye rejeta bila mlango, ilikuwa baridi saa zote. Nikikanyaga klachi inapoteza mzigo, hewa ya vali ya sailensa ipo tele, petroli haijakatwa. Ipande, isingefanya lingine. Dar, kwenye foleni ya Ubungo, upepo hakuna na joto ni kali, maji yalifika kwenye joto lake hata bila themostati, na kompyuta ikaona mambo ni shwari. Klachi ilishushwa, ikafungwa, ikasifiwa, na muda wote ule palikosekana kipande cha shaba kinachoenea kiganjani.

Themostati mpya tuliipata dukani Njombe mjini, imegongwa namba 82 mgongoni. Mzee hakuifunga hivi hivi. Jikoni kwa mama, sufuria ya maji ikatelekwa, themostati ikaning'inizwa kwa uzi isiguse chini, pembeni kipimajoto. Kwenye 80 haikuonyesha dalili. Muda mfupi baadaye ule mlango ukaanza kuachana na kingo zake taratibu, mama akasogea karibu kutazama. Haikufunguka hadi mwisho wake, maana themostati ya namna hii hufunguka kikamilifu kwenye nyuzi 95, na Njombe, kwa kuwa iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuria huchemka kabla hayajafika hapo. Ndani ya gari kifuniko cha rejeta hubana presha ili maji yavuke kiwango hicho bila kuchemka, ndiyo maana kifuniko kilicholegea nacho ni ugonjwa.

Mahali pa themostati, pale mpira wa chini wa rejeta unapoingia kwenye injini, palikuwa na nati mbili, na ndani mmepakwa silikoni tu. Mzee alikwangua silikoni yote, akaweka themostati na mpira wake mpya, kile kitundu kidogo chenye kipini kikielekea juu ili hewa itoke, akajaza kulanti badala ya maji ya bomba. Kisha akafungua vali ya sailensa chini ya throto akaisafisha, maana baada ya muda wote ule wa moshi mzito ilikuwa na masizi na ilikuwa ikifunga kwa kusitasita. Nadhani hiyo ndiyo iliyoongeza zile RPM mia mbili tatu za mwisho. Alinitoza kidogo kiasi kwamba niliona aibu kulipa kiasi hicho tu, nikaongeza, akakataa, mama akampa kuku.

Kabla hajaondoka alinionya. "Aliyetoa hii alikuwa anaficha jambo. Ukifika Dar, tazama mshale."

Alikuwa sahihi. Siku ya tatu baada ya kurudi, foleni ya Kimara, jioni, mshale ukavuka nusu na kuendelea. Nilizima, nikasubiri, nikaenda taratibu hadi gereji nyingine. Rejeta ilipofunguliwa, njia zake nyingi za ndani zilikuwa zimejaa kutu na chokaa ya maji ya bomba. Ikazibuliwa. Fundi wa pale naye, kabla hajaigusa, alikuwa ameshanipa ushauri: "Tutoe themostati tu, dada." Nilimkatalia kwa sauti ambayo sikuitegemea. Zipo injini ambazo themostati yake ina vali ya pili, inayoziba njia ya mkato ya maji injini ikipata moto. Kwenye injini za namna hiyo ukiitoa, sehemu ya maji haipiti kwenye rejeta kabisa, na gari linaweza kuchemsha zaidi kwenye mzigo mkubwa.

Tangu hapo nimekuwa nikiwauliza watu lile swali la mzee. Mwalimu mwenzangu mwenye otomatiki alilalamika kwamba gari lake linapiga kelele katikati ya gia na hasa asubuhi haliingii gia ya mwisho. Otomatiki haina klachi ya mguu, kwa hiyo swali linageuka: RPM inapaa kwa muda kati ya gia mbili kisha inashika, au gia inachelewa kubadilika? Ikipaa kisha ikashika, anza na oili ya gia boksi. Ipime kwa kufuata maelekezo ya gari husika, itazame rangi, inuse. Ikiwa ya kahawia na inanuka kuungua, klachi za ndani zinalika. Na hakikisha aliyeibadili mara ya mwisho aliweka aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, siyo ile iliyokuwepo dukani. Lake halikuwa hilo. Otomatiki nyingi zinazoongozwa na kompyuta haziruhusu gia ya juu kabisa mpaka maji ya injini yapate joto. Nikamwambia atazame mshale wake wa joto. Ulikuwa robo.

Na kuna magari mapya ya gia za mkono ambayo mshale wake huganda kidogo tangu kiwandani. Throto haina waya, inafunguliwa na mota, na kompyuta huichelewesha kufunga ili kupunguza moshi wenye sumu unaotoka throto inapofungwa ghafla. Hapo hakuna cha kutengeneza. Dereva anajifunza kuachia mafuta mapema kidogo kabla ya klachi, basi.

Julai iliyofuata nilipita tena Sao Hill, na mama kiti cha mbele. Ukungu ulikuwa ule ule. Kwenye matuta nikaachia mafuta, nikakanyaga klachi, mshale ukashuka taratibu hadi 800 na kutulia, gia ya tatu ikaingia bila kugutuka. Hita ilikuwa imewashwa tangu Iringa. Kufika Makambako mama alitoa blanketi magotini, akalikunja, akaliweka kiti cha nyuma, akaniomba nimfungulie kioo kidogo.